Siku Ndege Ilipokaa Kitako Kitale

Nyinyi vijana mnaonipitia pale soko la Bungoma na kuniambia "Niaje, buda", mkidhani mimi ni mzee wa mahindi tu, hebu vuteni kiti. Kabla sijarudi Ndalu kulima, nilifanya kazi na ndege. Msianze kunitafutia picha nikiwa na miwani myeusi na kofia ya rubani. Sikuirusha hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hairuki vibaya, na chombo changu kilikuwa mizani.

Nilikuwa karani wa mizigo katika kile kiwanja kidogo cha ndege cha Kitale. Cheo kilisikika vizuri nikienda kuposa, lakini kazi yenyewe ilianza kwa kufukuza ng'ombe. Ukishamaliza ng'ombe unatembea kiwanja chote kwa miguu ukitafuta vichuguu vya fuko, maana gurudumu likiingia kwenye shimo la fuko hakuna wa kumlaumu ila wewe. Ndipo unafungua kibanda, unafuta mizani kwa kitambaa, unavaa fulana yako ya manjano inayong'aa, na unaanza kuwapima watu.

Ndege yetu ilikuwa Twin Otter. Otter ni yule mnyama wa mtoni tunayemwita fisi-maji, na upacha wake ni zile injini mbili, moja kila bawa. Nilipomweleza mama yangu mzazi kwamba nimepata kazi ya kupakia watu ndani ya fisi-maji pacha, alifunga siku tatu akiniombea.

Ilitengenezwa Kanada, nchi ya baridi, kwa ajili ya watu wanaoishi mahali ambapo barabara haijawahi kufika. Huko wenzake wengine hufungwa mbao za kuteleza wakatua juu ya theluji, na wengine huvalishwa maboya wakatua ziwani. Hii yetu ilikuwa imetangatanga dunia kabla ya kutufikia. Fundi akikwangua rangi pale mlangoni, chini ya nyeupe kulikuwa na bluu, na chini ya bluu kulikuwa na njano yenye herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Kila rangi ilikuwa nchi nyingine. Ilifika kwetu wakati wa kiangazi, na kwa Wabukusu mtoto wa kike akizaliwa kiangazi huitwa Nasimiyu. Basi sisi wa chini tukaiita Nasimiyu. Kichekesho ni kwamba huyu Nasimiyu, pamoja na jina lake, alikuwa hapendi joto hata kidogo.

Kwa nini? Sikilizeni vizuri hapa, msichezee simu. Kitale iko juu, zaidi ya futi elfu sita, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua likipanda, hewa hiyo inazidi kuwa nyepesi. Sasa bawa linashikilia hewa, na pangaboi la mbele ya injini linashikilia hewa hiyo hiyo. Ikiwa hakuna cha kushika, ndege inakuwa kama mtu anayejaribu kuogelea kwenye povu la sabuni. Saa moja asubuhi, umande ukiwa bado uko kwenye nyasi, Nasimiyu aliinuka hata kabla hajamaliza nusu ya kiwanja, na watu wakashangilia. Saa nane mchana, na mzigo ule ule, alikimbia na kukimbia mpaka sisi tuliobaki chini tukaanza kumsukuma kwa macho.

Na injini zake zilikuwa za ajabu. Ndani mna moto kama wa jeti, lakini badala ya kuisukuma ndege kwa mlipuko, nguvu ile inazungusha pangaboi. Kwa hiyo ana kelele kuliko harusi, mwendo wake ni wa kadiri, lakini anatua kwenye nyasi na changarawe, mahali ambapo jeti kubwa ingelia machozi. Injini moja ikizima, ya pili inaweza kukurudisha nyumbani. Inaweza, mradi hukumbebesha kupita kiasi. Hapo kwenye "mradi" ndipo mshahara wangu ulipokaa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Karanja, wa Kibomet. Jamaa zake walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa Kati zamani sana, na yeye alikuwa amepima magunia kwenye ghala la mahindi miaka mingi kabla ya kupima abiria. Hakuona tofauti kubwa.

"Gunia haidanganyi, Simiyu," aliniambia siku ya kwanza. "Mtu ndio inadanganya. Ukiuliza mwanamume kilo ngapi, anaongeza. Ukiuliza mwanamke, anapunguza. Wewe usiulize mtu. Uliza mizani."

Somo la pili alinipa jikoni kwake. Alichukua mwiko wa ugali, akaulaza juu ya kidole kimoja ukatulia. Halafu akaweka kitunguu kidogo kwenye ncha ya mpini. Mwiko ukaanguka, kitunguu kikabingirika mpaka chini ya kabati, mke wake akatuuliza kama tumekosa kazi.

"Umeona?" akasema Karanja, akiinama kukitafuta. "Kitunguu ni ndogo, lakini imekaa mbali. Kilo ya katikati ni kilo. Kilo ya nyuma kabisa sio kilo tena, bana. Hiyo ni mjomba ya kilo."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Kisha wiki ya tatu nikayasahau. Kwaya moja ya kanisa kutoka Ndalu ilikuwa inakwenda kuimba Nairobi, na walitaka kukaa kwa sauti zao: wasichana wa sauti ya kwanza mbele, wanaume wa besi nyuma. Mimi napenda nyimbo, nikaona ni sawa. Sijui kama mmewahi kuwaona wanaume wa besi wa Ndalu. Ni watu wanaokula vizuri. Karanja alichungulia kupitia mlango wa nyuma, akahesabu shingo, akapiga kelele, "Besi yote mbele! Soprano, rudini nyuma!" Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba anaharibiwa mpangilio. Karanja akamwambia mpangilio wa mbinguni utapangwa na malaika, huu wa kwenda huko angani ni wake.

Kuna kifaa kimoja lazima niwaeleze. Mlango wa Nasimiyu wa kupandia abiria uko nyuma, karibu na mkia. Watu wakijazana pale mlangoni kabla wa mbele hawajakaa, ndege inaweza kuinua pua. Kwa hiyo tunaweka mti wa chuma chini ya mkia, tunauita mguu, unaishikilia mpaka kila mtu awe kitini. Sheria ni moja: mguu hauondolewi mpaka abiria wa mwisho afunge mkanda. Sheria nyepesi kabisa, mtoto wa chekechea angeishika.

Karanja alipostaafu, mizani ikawa yangu, nami nikawa mkali kuliko yeye. Nilipima wachungaji na Biblia zao. Nilimpima chifu, akanikazia macho, nikamwongezea kilo ya fimbo yake. Kuna bwana mmoja alikuja saa sita ya jua kali amevaa makoti matatu, akitokwa jasho, mifuko yote sita imejaa maparachichi kwa sababu alisikia mkoba tu ndio unaopimwa. Nilimvua koti moja moja mbele ya watu kama mtu anayemenya kitunguu. Nilijisifu nyumbani kwamba katika Kitale nzima hakuna mtu aliyepanda Nasimiyu bila kupanda mizani ya Simiyu.

Kisha akaja mama mkwe.

Kwa wale ambao si wa kwetu, nieleze kidogo. Mbukusu na mama mkwe wake hawasogeleani. Hamshikani mikono, hamli meza moja, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si uadui. Ni heshima, na ni heshima nzito kweli. Siku hizi naona vijana wanapiga selfi na mama wakwe zao, sawa, dunia ni yenu. Lakini sisi tuliishika. Mimi nilikuwa nimemwoa Nekesa miaka kumi na minne, na mama yake wa Lugulu nilikuwa nimemwona vizuri mara moja tu, siku ya kwanza, kabla ya posa. Baada ya hapo nilijua kisogo chake, sauti yake ya mbali, na rangi za leso zake.

Mama huyo alikuwa anapoteza macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga ukungu, na la kulia lilikuwa linafuata. Madaktari walimwandikia barua ya kwenda kufanyiwa upasuaji Nairobi, wakasema asitikiswe na safari ndefu ya barabara. Mtoto wake wa kiume aliyeko Nairobi akamkatia tikiti. Upasuaji ulikuwa kesho yake, saa mbili asubuhi, na daktari bingwa aliyekuwa akiufanya alikuwa na siku hiyo moja tu kabla ya kusafiri nje ya nchi. Akikosa, angesubiri miezi, na jicho la kulia halikuwa na miezi ya kusubiri.

Haya yote Nekesa alikuwa ameniambia. Jambo moja tu hakuniambia.

Siku hiyo ukungu ulichelewesha Nasimiyu asije kutoka Nairobi mpaka karibu saa sita. Nilikuwa nimeshapima watu kumi na wanne nilipoona gari la jirani wa Lugulu likisimama langoni. Akashuka mwanamke mwenye leso ya zambarau, na kile kisogo nilikijua. Niliruka nyuma ya pipa la mafuta. Mtu mzima, fulana inang'aa, nimechuchumaa nyuma ya pipa, nikampigia mke wangu aliyekuwa shuleni anakofundisha.

"Mama yako yuko hapa!"

"Si nilikwambia anaenda Nairobi?"

"Uliniambia Nairobi. Hukuniambia anapanda ndege yangu!"

"Baba Brian," akasema Nekesa polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma, "Kitale iko na ndege ngapi?"

Mama naye alikuwa ameiona ile fulana ya manjano, maana hata jicho bovu linaiona. Aligeuka upande, akajifunika leso usoni, akasimama. Dereva wake alishusha mkoba mkubwa, akauweka pale mama alipomwelekeza, kando ya mizani, kisha akaondoka kuwahi shughuli zake. Mama akaenda kukaa kwenye benchi, akatupa mgongo.

Abiria wakaanza kucheka chinichini. "Karani, huyo hapimwi?" akauliza mmoja.

Fikirini nafasi yangu. Kumpima maana yake asimame mbele yangu, hatua moja, nimtazame, kisha nisome kilo za mama wa mke wangu mbele ya watu kumi na wanne. Afadhali ningeomba ardhi ipasuke. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo Karanja alinikataza. Sikuuliza mizani. Nilichukua kalamu nikaandika: hamsini na tano. Niliipata wapi? Nilimkumbuka yule mama mwembamba niliyemwona miaka kumi na minne iliyopita. Nilipima kumbukumbu, wala si mtu.

Na mkoba? Kuuinua juu ya mizani niliona ni kama kumpekua. Niliubeba mwenyewe mpaka buti ya mizigo ya nyuma kabisa, mkiani. Ulikuwa mzito, mikono ikatetemeka. Nikajiambia ni heshima inayotetemeka.

Abiria wakapanda. Mimi nilitaka kumaliza upesi ili mama asipande nikiwa nimesimama pale mlangoni, kwa sababu ngazi ni nyembamba na ningelazimika kumpisha. Kwa hiyo nilizunguka upande wa pili, nikaondoa ule mguu wa mkia, nikatoka mbio nao kuelekea kibandani. Wa mbele walikuwa bado wanahangaika na mikanda. Mama akapanda wa mwisho, akasimama mlangoni kwa ndani akipapasa kiti, maana haoni vizuri.

Nikasikia mlio kama wa kitanda cha zamani. Nikageuka. Pua ya Nasimiyu ilikuwa inapanda taratibu, bila haraka, kama ng'ombe anayetaka kulala. Gurudumu la mbele likaachana na ardhi, mkia ukagusa chini, na ndege ya injini mbili iliyotangatanga dunia nzima ikakaa kitako Kitale. Ndani watu wakaanza kupiga mayowe. Mwanamume mmoja aliliita jina la Yesu kwa lugha tatu.

Rubani alikuwa Kapteni Halima, mama wa pwani, mpole wa sauti na mgumu wa kazi. Aliwatoa watu mmoja mmoja akianzia wa nyuma, ndege ikarudi kusimama yenyewe, na fundi aliyesafiri nayo akatambaa chini ya mkia na tochi. Alichukua muda mrefu. Alitoka akasema ni rangi tu iliyokwaruzwa.

"Simiyu, nipe karatasi," akasema Kapteni. Akaipitia kwa kidole. Kidole kikasimama. "Huyu wa kilo hamsini na tano ni nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Abiria wote wakamtazama mama.

"Na mkoba wake mbona nafasi yake ni tupu?"

"Kapteni," nikasema, "yule ni mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu."

"Pole," akasema. "Lakini mizani haina mkwe. Wapime wote upya. Na yeye."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia anifukuze kazi, siwezi. Nilikuwa nataka kulia, na sababu haikuwa kazi. Nilitazama upande wa mlima Elgon, mawingu ya mchana yalikuwa yameanza kujipanga, na nikajua yakishuka hakuna atakayeruka mpaka kesho. Kesho saa mbili daktari angekuwa anamngoja mtu ambaye bado yuko Kitale kwa sababu mkwe wake alikuwa na adabu nyingi kuliko akili.

Ndipo mama akazungumza. Hakunigeukia. Alimgeukia Kapteni, ingawa mimi nilikuwa hatua tano tu nyuma yake.

"Mama dereva wa ndeke," akasema, "mwambie huyo mtoto wa watu, mimi ni jicho ndio inauma, sio kiro."

Kapteni akanigeukia. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Mwambie anisamehe."

"Anasema umsamehe."

"Mwambie ageuke huko, nipande hii kitu. Ati nimetoka Lugulu asubuhi yote nikufie kwa mizani?"

Nikageuka nikatazama ukuta wa kibanda. Nyuma yangu nikasikia chuma kikilia. Kapteni hakujua kwamba kwetu mambo kama hayo husomwa kwa sauti ya chini. Alisoma kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi: "Themanini na mbili!"

Watu wakacheka, na mama akacheka kuliko wote. "Mwambie mtoto yangu ananilisha vizuri!" akasema. Yaani binti yake, Nekesa, mke wangu. Nilicheka nikiwa nimeukabili ukuta, machozi yanatoka.

Mkoba ukatolewa mkiani, ukapimwa: thelathini na nane. Jumla nilikuwa nimeificha ndege kilo sitini na tano, na zaidi ya nusu yake nilikuwa nimeiweka pale kwa mjomba wa kilo. Kapteni akapiga hesabu zake na kutazama kipimajoto. Wakati ule ilikuwa imetimu saa nane kasoro, joto limepanda, na Nasimiyu mnamjua.

"Kwa joto hili, kilo thelathini na tano zishuke," akasema. "Au mtu mmoja abaki."

Mtu mmoja akakumbatia viazi vyake. Mwingine akasema kwa sauti ndogo kwamba aliyekosewa hesabu ndiye abaki, ndiyo haki. Nilitaka kumrukia, lakini alikuwa anasema kweli. Nikamwambia Kapteni mkoba ubaki, na mama aende. Kapteni akamgeukia mama kwa adabu. "Mama, utakubali tuuache mkoba wako hapa?"

"Mkoba yangu gani?"

"Huu hapa."

Mama akausogelea, akauinamia na lile jicho moja. Akainuka polepole.

"Hii? Hii nani alipeleka kwa ndeke?"

Watu wote wakanitazama mimi.

"Hii si yangu. Hii ni ya huyo mtu wa kazi. Ni unga ya wimbi, na njugu, na maharagwe ya watoto. Mimi nimeweka chini, nimegeuka, nimeenda kukaa. Sasa nifanye nini ingine? Nimshike mkono nimpatie?"

Vijana, nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima. Mama mkwe hawezi kukupa kitu mkononi. Anakiweka chini, anageuka, anaondoka. Huo ndio usemi wake, na kila Mbukusu anaujua, hata mimi. Lakini miaka yote ya kazi ilikuwa imenifundisha kwamba mkoba kando ya mizani ni mzigo. Nilisimama pale na fulana yangu ya manjano, na nikausoma usemi wa mama yangu mkwe kwa macho ya karani. Zawadi yangu mwenyewe niliipakia mkiani, na ikaketisha ndege.

Kapteni Halima aliuma mdomo. Alijaribu kutocheka, nampa heshima hiyo. Halafu akacheka mpaka akashika mkono wa mama. Mkoba ukabaki, abiria wote wakapanda, wazito katikati, na safari hii ule mguu wa chuma niliushikilia kwa mikono miwili mpaka Kapteni mwenyewe aliponipa ishara. Nasimiyu akakimbia. Akapita kibanda, akapita kichaka cha nyasi ambapo asubuhi hupenda kuinukia, akaendelea. Nilikuwa naomba kwa sauti. Karibu na mwisho wa kiwanja magurudumu yakaachana na ardhi, akapanda, mawingu ya Elgon yakabaki nyuma yake. Nilikaa chini kwenye nyasi, nikaegemea mkoba wangu wa unga.

Niliandika ripoti siku hiyo hiyo, kwa mkono wangu, na ninawaomba nyinyi mkikosea mfanye vivyo hivyo kabla hamjaulizwa. Penye "chanzo cha kosa" niliandika: mama mkwe. Makao makuu wakanipigia simu kuuliza hiyo ni hitilafu ya aina gani, kwa sababu hawaioni kwenye kitabu. Nikawaeleza dakika ishirini. Walinitoa kwenye mizani mwezi mzima, nikawa wa ng'ombe na fuko tu, na nilistahili. Kisha ukabandikwa ukutani mpango mpya: karani hapimi jamaa yake, anaita mwingine. Mzee Karanja alitoka Kibomet kwa baiskeli kuja kuusoma. Aliusoma mara mbili, akaniambia katika miaka yake yote kwenye ghala hakuna gunia lililowahi kumwonea haya.

Nasikia siku hizi abiria anajaza uzito wake mwenyewe kwenye simu, na kompyuta inapanga viti. Ni vizuri, inaokoa muda. Lakini kompyuta hiyo inaamini kila inachoambiwa. Mkiajiriwa huko, siku moja moja tokeni nje mkatazame magurudumu ya ndege jinsi yalivyobonyea. Mkiona yamebonyea kuliko karatasi inavyosema, aminini gurudumu.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, kwa Nasimiyu, asubuhi yenye baridi. Nilikuwa bado niko kwenye adhabu, nimeshika ufagio mwisho wa kiwanja, mbali kama adabu inavyotaka. Niliona mlango ukifunguliwa. Akashuka mwenyewe, hakushikwa mkono na mtu, akizihesabu ngazi kwa macho. Alipofika chini akaitazama ndege kutoka puani mpaka mkiani, akamwambia Kapteni jambo, na Kapteni akacheka. Baadaye niliambiwa alisema, "Kumbe ni kadogo hivi?"

Kisha akatazama kiwanja. Akaona nyasi, akaona mlima, akaona ng'ombe waliokuwa wanapaswa kuwa wamefukuzwa. Akaniona mimi. Kila siku nyingine ningegeuka, na yeye angevuta leso. Siku hiyo sikugeuka, na leso yake ilibaki mabegani. Kati yetu kulikuwa na kiwanja kizima, mila haikuvunjika hata kidogo. Miaka kumi na minne, na ndiyo mara ya kwanza tulitazamana usoni, mimi nikamwona alivyonenepa na kuzeeka, na nikajua anaona mvi zangu. Nilivua kofia.

Alimgusa Kapteni bega, akasema neno. Kapteni akaweka mikono mdomoni akanipigia kelele kutoka kule:

"Simiyu! Mama anasema nikwambie amekuona!"